Hadithi ya Mtoto ni Mali Yake

Makazi ya Katumba, wilayani Mpanda, yalianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Historia hiyo imeandikwa na maofisa, watafiti na wageni. Je, wajukuu wa wakimbizi wale wataisimulia lini?

Kwa sababu hiyo naziunga mkono warsha za sanaa ambamo watoto huchora, huigiza na kusimulia maisha yao, kisha huunganisha sauti na michoro yao kwa simu au kompyuta. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto ya kutoa maoni na kusikilizwa. Asiyeweza kuandika insha aweza kuchora nyumba ya bibi yake, na mchoro huo ni ushahidi.

Hata hivyo, yatupasa kuwa macho. Wapo watu wazima wanaomwelekeza mtoto alie pale ambapo yeye angecheka, kisha huipeleka picha yake ng'ambo kuombea fedha. Huo ni unyang'anyi. Mtoto na mzazi wake waulizwe kwanza. Jina na sura vifichwe panapo hatari. Na kazi ikikamilika, wanakijiji waione kabla ya wafadhili.

Mtoto anaposimulia, nasi wakubwa tujifunze kunyamaza. Hiyo nayo ni haki.