TENISI MCHEZO WA MATAJIRI? SIKUBALI!

Najua nimepotea wiki mbili, testi zilinikalia kooni. Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kafeteria. Leo nina hasira na lazima niitoe.

Juzi pale kimbweta ulizuka ubishi: nani mkali kuliko wote wa tenisi kwenye sakafu ngumu? Mmoja Federer, mwingine Djokovic, dada mmoja wa mwaka wa pili akashikilia Serena. Ubishi mtamu, kila mtu na takwimu zake. Mara jamaa mmoja (simtaji, anajijua) akaumaliza: "Nyie mnajadili mchezo wa matajiri bana. Huko kwenu Nanganga kuna tenisi?" Watu wakacheka. Mi sikucheka, na sababu ndiyo hii naiandika.

Tuanze na takwimu ili nisionekane nina jazba tu. Djokovic ana Grand Slam 24, na 14 kati ya hizo kazipata kwenye sakafu ngumu: Australian Open 10 na US Open 4. Federer ana 20, na 11 ni za sakafu ngumu, ikiwemo US Open 5 mfululizo kuanzia 2004 hadi 2008. Serena ana 23, na 13 ni za huko huko: Australia 7, Marekani 6. Hata Nadal, mfalme wa udongo, kachukua 6 kwenye saruji. Kwa hiyo kwa namba ni Djokovic. Lakini kura yangu nampa Serena, na mkisoma hadi chini mtaelewa kwa nini.

Sasa swali. Hii sakafu ngumu ni kitu gani hasa? Ni zege au lami, juu yake inapakwa tabaka la rangi maalumu. Basi. Haitaki kumwagiliwa kama nyasi, haitaki kusawazishwa na kunyunyiziwa maji kila siku kama udongo. Mpira unadunda sawa kila mahali, hausaidiwi na kichuguu wala bonde. Ukishindwa, umeshindwa na mtu, huna wa kumsingizia.

Halafu angalieni historia, maana hapa ndipo yule jamaa yangu anapoumbuka. US Open kwa miaka mingi ilichezwa kwenye klabu ya wanachama huko Forest Hills, New York, kwenye nyasi na baadaye udongo. Mwaka 1978 ikahamia Flushing Meadows kwenye sakafu ngumu. Flushing Meadows ni nini? Bustani ya umma ya jiji! Hadi leo, mashindano yakiisha, raia wa kawaida analipia saa yake anacheza pale pale. Australian Open nayo ilikuwa kwenye nyasi za klabu ya Kooyong, Melbourne. Mwaka 1988 ikahamia Flinders Park, siku hizi panaitwa Melbourne Park, kwenye sakafu ngumu. Mmeona? Mara mbili, nyasi ziliachwa klabuni na tenisi ikatoka nje ya geti. Wimbledon ndiyo imebaki na nyasi zake, na imebaki ndani ya klabu yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia tenisi ni mchezo wa matajiri, namuuliza: tenisi ipi? Ya nyasi, sawa, sibishi. Ya saruji, hapana!

Venus na Serena walianzia viwanja vya umma vya Compton, California, mtaa uliojulikana kwa magenge kuliko michezo. Sakafu zilikuwa na nyufa. Kocha alikuwa baba yao. Hapo ndipo kura yangu ilipolalia, wadau. Arthur Ashe naye alikua ndani ya bustani ya watu weusi huko Richmond, Virginia, kwa sababu baba yake ndiye alikuwa mwangalizi wa ile bustani. Viwanja vya wazungu alikatazwa. Mwaka 1968 akachukua US Open, na leo uwanja mkubwa kuliko yote pale Flushing Meadows unaitwa kwa jina lake. Huyo huyo Ashe mwaka 1971 alipita Yaoundé, Kamerun, akamwona mtoto wa miaka 11 anaitwa Yannick Noah. Mwaka 1983 Noah akachukua French Open. Jiulizeni: kama Yaoundé pasingekuwa na kiwanja, Ashe angemwona wapi?

Mtasema hao wa mbali. Haya, njooni jirani. Angella Okutoyi wa Kenya, kazaliwa 2004. Kalelewa na bibi yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kulea watoto Nairobi. Januari 2022, kwenye sakafu ngumu ya Melbourne, akawa binti wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, akafika raundi ya tatu. Julai mwaka huo huo akachukua Wimbledon ya wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Machi 2024 akabeba dhahabu ya michezo ya Afrika kule Accra. Huyo naye tajiri?

Sasa turudi kwetu. Kwa msiopajua, Nanganga ni njia panda. Ukitoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi, ukishapita Nyangao, hapo ndipo unapokata kwenda Ruangwa na Nachingwea. Sisi watu wa upande ule tunajua vizuri habari ya kuletewa mambo makubwa ambayo hayakuuliza udongo. Mwingereza alikuja Nachingwea na mradi wa karanga mwaka 1947, na matrekta, na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Kwa hiyo siombi nyasi za Wimbledon mimi! Hizo zitakuwa karanga za pili.

Naomba sakafu. Sikilizeni hesabu, si ndoto. Kiwanja cha tenisi na nafasi yake ya kukimbilia ni mita 36.6 kwa 18.3. Netiboli inataka 30.5 kwa 15.25. Kikapu 28 kwa 15. Maana yake bamba moja la zege linabeba michezo yote mitatu, ni kuchora mistari ya rangi tofauti tu. Watoto wadogo ndiyo kabisa, maana siku hizi wa chini ya miaka 10 wanachezea mipira laini inayodunda taratibu kwenye viwanja vidogo, kwa hiyo bamba hilo hilo unalikata vinne. Na kwetu Kusini kuna faida nyingine: msimu wa korosho anikeni hapo hapo, msimu ukiisha mnafagia, mnafunga wavu. Nani atasema hela imepotea?

Najua majibu mliyoyaandaa. Eti sakafu ngumu inaumiza magoti. Kweli, hata Nadal amelilalamikia sana hilo, na yeye alikuwa akikimbia hapo miezi kibao kwa mwaka. Mtoto anayecheza saa moja jioni baada ya shule si Nadal. Eti jua la Kusini litaikaanga sakafu. Saa saba mchana nani anacheza hata chandimu? Watacheza asubuhi na jioni. Eti raketi ni ghali. Raketi moja wanachezea watoto kumi kwa zamu, na ukuta wa ghala haudai ada ya ukocha. Kinachokosekana kabisa ni mahali pa kudundisha mpira, maana kwenye mchanga haudundi. Hiyo ndiyo sababu, wala si umaskini wala rangi ya ngozi.

Na msiniambie Kusini ni mbali. Ruangwa ni mbali vile vile, na Namungo FC ilitoka huko ikapanda Ligi Kuu 2019, na 2021 ikacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wangapi hapa chuoni walikuwa wanajua Ruangwa iko wapi kabla ya hapo? Kulikuwa na uwanja, na watu wakaamua. Basi.

Kinachoniuma ni hiki. Kila mtu akicheka "Nanganga kuna tenisi?", anamfungia geti mtoto ambaye hajawahi hata kulifikia. Na sisi wenyewe wasomi ndio tunaoshika hilo komeo. Kesho kutwa mmoja wenu atakuwa afisa michezo wa wilaya, mwingine mhandisi, mwingine mwalimu mkuu, mwingine diwani. Bajeti ya shule ikija mezani, mtaikumbuka ile mita 36.6 kwa 18.3 au mtacheka tena?

Wenye hoja karibuni, ila njooni na namba. Wenye kucheka tu, sina muda, kesho nina lekcha saa moja asubuhi.

Nawasilisha.