Msafara wenye Gari la Umeme: Sur, Ibra na Nizwa



Ndugu wasomaji, kila msimu wa baridi unapokaribia huko Oman, familia zetu nyingi hufunga safari kwenda kuwazuru jamaa. Siku hizi maandalizi hayo yameingiwa na swali jipya. Miongoni mwa magari matatu au manne ya msafara, kijana mmoja huja na gari la umeme, na papo hapo nyumba hugawika. Vijana husema hilo ndilo gari la zama hizi. Wazee huuliza ni nani atakayekaa juani kulisubiri. Ukurasa wetu wa mwezi huu unakusudia kuwapatanisha, kwani hesabu ya jambo hili si ngumu, na adabu yake tumeirithi.

Safari yenyewe yawezekana. Mwezi wa Januari 2018 msafara wa magari ya umeme ulitoka Falme za Kiarabu, ukavuka mpaka na kuzunguka Oman, wakati ambapo vituo vya kuchajia vilikuwa haba. Tangu hapo vimeongezeka. Hata hivyo, kituo kilichoonyeshwa kwenye ramani si lazima kiwe kizima, wala si lazima waya wake ulifae gari lako. Piga simu siku moja kabla ya kuondoka.

Sasa tuje kwenye hesabu. Chukua gari ambalo betri yake hubeba uniti 60, yaani uniti zile zile tunazolipia umeme wa nyumbani. Katika barabara kuu, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, gari hilo hula kiasi cha uniti 20 kwa kila kilomita 100. Akiba haiozi, walisema wahenga. Basi tenga uniti 12 zisizoguswa ila kwa dharura. Zinazobaki, uniti 48, zatosha kilomita 240. Kutoka Maskati hadi Sur kwa njia ya pwani ni kiasi cha kilomita 200. Utafika salama, na betri itakuwa na uniti 20.

Kwa hiyo shida haiko barabarani mchana. Iko nyumbani usiku. Soketi ya kawaida ya matundu matatu, ambayo ni ile ile ya Unguja na Uingereza, huingiza kiasi cha uniti 20 tu katika betri kwa muda wa saa kumi. Asubuhi utakuwa na uniti 40. Njia ya Sur hadi Ibra ni kiasi cha kilomita 150, nayo itakula uniti 30. Utaingia Ibra na uniti 10, umeshaila akiba yako. Lakini ukilala Sur usiku wa pili, utaondoka na betri iliyojaa, na Ibra utaingia na uniti 30 bila ya wasiwasi.

Hapa ndipo penye maudhui ya maneno yetu. Tumekwenda Oman kuunga udugu, wala hatukwenda kuhesabu kilomita. Wengi wa Waharthi na Wabarwani wa Unguja asili yao ni Ibra, na majahazi ya Sur yalikuwa yakishuka Unguja na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha hakuilaumu pepo kwa kumchelewesha. Alikaa miezi bandarini, akauza, akanunua, akaoa, akazika. Betri nayo ina msimu wake, ila wake ni wa saa kumi. Msafara uliopangwa kwa haraka utampita shangazi wa Ibra kwa salamu ya dirishani. Msafara uliopangwa kwa usiku wa kuchaji utakula naye, utalala kwake, na watoto waliozaliwa ugenini watayasikia majina ya babu zao kutoka kinywani mwake. Shangazi huyo hatatusubiri miaka yote.

Mpango mmoja mwema ni huu. Ondokeni Maskati Jumapili, mlale Sur siku mbili. Muone karakana ya majahazi na jahazi Fath al-Khair, lililoundwa huko huko Sur mwaka 1951. Jumanne nendeni Ibra, ili Jumatano asubuhi akina mama wapate soko lao la wanawake. Baada ya hapo elekeeni Nizwa mlale siku mbili, na Ijumaa alfajiri muuone mnada wa mifugo kabla ya sala. Kurudi Maskati ni kiasi cha kilomita 160, na njia huteremka kutoka mita 500 hivi, jambo linaloisaidia betri. Safarini msishindane na magari ya petroli: dereva akishuka kutoka kilomita 120 kwa saa hadi 100 huokoa karibu sehemu moja katika tano ya umeme wake. Kwenda mbio si kufika. Na wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 45, bora wenye wazee na wachanga waahirishe.

Kuna adabu mbili ambazo yafaa kuzitaja. Ya kwanza ni ya mgeni. Usichomeke gari kwa mwenyeji bila ya idhini, wala usitumie waya mwembamba wa kuongezea urefu. Nyumba kongwe yenye viyoyozi vinne huenda nyaya zake zisihimili mzigo wa usiku kucha, na moto hauna simile. Muulize mwenye nyumba, mwite fundi ikihitajika, na ulipe gharama ya umeme kwa njia isiyomuaibisha. Atakataa fedha, basi mletee mchele au mbuzi.

Ya pili ni ya wasafiri wenyewe. Kwa Nizwa kuna Falaj Daris, na upande wa Sur kuna Falaj al-Jeela. Zote mbili zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Maji ya falaj hugawiwa kwa muda. Kipimo chake, athar, ni takriban nusu saa, na kila mwenye shamba ana zamu yake, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Tena watu hunywa kwanza, ndipo mashamba yapate. Msafara wenye magari mawili ya umeme na kituo kimoja ufanye vivyo hivyo: zamu ijulikane kabla ya kufika, na gari lililobeba mzee au mgonjwa litangulizwe. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe amiri. Amiri huyo ndiye atakayeamua mwendo na mahali pa kusimama, na mwenye petroli tele amtii kama mwenye betri ndogo.

Mkikubaliana hayo sebuleni kabla ya kuondoka, gari la umeme halitakuwa fitina katika msafara wenu. Mwenyezi Mungu awajaalie safari ya salama, na awakutanishe na jamaa zenu wangali hai. Wabillahi tawfiq.