Wavu Unachomwa, Duka Liko Wazi

UPEPO WA ZIWA
Na Mwamini Rusaku

Moshi wa nailoni hausahauliki. Aliyewahi kusimama mchangani Katonga, hapa Kigoma, siku zana haramu zinapochomwa atautambua popote: mweusi, mzito, unashika nguo na koo, na moto ukishazimika hubaki donge gumu kama lami ambalo watoto hulipiga mateke mpaka mvua ilifukie. Nimeuona moto huo mara kadhaa. Kila mara wanaouzunguka ni wale wale. Maofisa wa uvuvi, askari, viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia mwalo), sisi wanawake wa dagaa na mabeseni yetu, na pembeni vijana wawili watatu wamechuchumaa, mikono magotini, wanasubiri gari.

Aliyeuza wavu ule sijapata kumwona hapo.

Niseme mapema niko upande gani, maana katika mji huu ukigusa habari ya uvuvi haramu watu hukugawa haraka. Naunga mkono ziwa kufungwa. Naunga mkono kokoro (wavu wa kukokota), timba (wavu wa uzi wa plastiki) na sumu kupigwa marufuku. Nimelelewa na dagaa. Ada yangu ya shule ilianikwa kwenye mchanga huu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafukuza kunguru kwa fito. Lakini hayo hayaniruhusu kuficha jambo moja la nyumbani kwetu. Mama alinunua pia vidagaa vya kokoro, vile vyembamba kama sindano, kwa sababu bei ilikuwa chini na vilikauka upesi. Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza kavitoa wapi. Mvuvi aliyekuwa akimuuzia alikamatwa mara mbili.

Mgeni akisimama Bangwe akalitazama Ziwa Tanganyika hudhani haliwezi kuisha. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Ila samaki hawaishi kwenye kina chote hicho. Ukishapita mita kama 200 kwenda chini, maji hayana oksijeni. Chakula chetu chote kinatoka kwenye tabaka la juu, kama malai juu ya maziwa. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huyakoroga maji na kupandisha rutuba iliyotuama chini. Rutuba hiyo hulisha mwani, mwani hulisha vidudu vya majini, vidudu humlisha dagaa, na mgebuka humfuata dagaa. Watafiti wameonyesha kwamba maji ya juu yamekuwa yakipata joto kwa miongo mingi, na maji ya moto hayachanganyiki kirahisi na yale baridi ya chini. Rutuba inayopanda imepungua, na wavuvi wameongezeka. Dagaa mwenyewe huishi mwaka mmoja na ushei tu. Ukimvua kabla hajataga, hana mwaka wa pili wa kujaribu tena.

Kusitisha uvuvi si jambo jipya kwetu. Uvuvi wa dagaa ni wa taa, tangu enzi za karabai mpaka hizi za sola, na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu. Kila mwezi vipe, vyombo vya uvuvi huo, vilikaa nchi kavu siku kadhaa za mbalamwezi. Nyavu zikashonwa, mitumbwi ikazibwa, harusi zikafungwa, ziwa likapumua. Hakuna aliyehitaji kutumiwa askari kwa ajili hiyo, kwa sababu mwezi uliwafunga wote pamoja, mwenye vipe kumi na asiye na hata kasia.

Serikali ilipofunga ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nilitamani iwe hivyo hivyo. Msingi ulikuwa mzuri. Mwezi Desemba 2021 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisaini makubaliano ya pamoja ya kusimamia uvuvi, chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Ilikuwa lazima twende pamoja. Kongo ina asilimia 45 ya ziwa hili, sisi tuna 41, waliobaki wana sehemu ndogo, na samaki hana pasipoti. Ukifunga peke yako unamfugia jirani.

Usiku wa kwanza nilikwenda kusimama mwaloni. Sisi tumezoea kuona taa za vipe zimejipanga majini kama mji wa pili, unaowaka wakati Kigoma inalala. Usiku ule ziwa lilikuwa jeusi moja kwa moja hadi milima ya Kongo. Nilifurahi, na niliogopa.

Niliogopa kwa ajili ya wanawake. Mvuvi anaweza kushika jembe akaenda kulima kwa watu, au akabeba zege. Mama mwenye chanja tatu na mkopo wa kausha damu atakwenda wapi? Mkopo ule haujui Mei wala Agosti. Rejesho ni kila wiki, kwingine kila siku, na ukikosa leo wanakuja wanne na daftari, wanakaa barazani kwako mbele ya wakwe zako. Jirani yangu aliuza cherehani kwanza. Kisha akauza mabati aliyokuwa akiyakusanya kwa ajili ya chumba cha pili. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023, na ziwa lilipofungwa ilikuwa bado haijarudi. Milango miwili ikafungwa kwa wakati mmoja, na waliofungiwa ni watu wale wale.

Sasa mweke hapo kijana wa miaka 22. Usiku anafuatwa na mtu anayemfahamu, anaambiwa kuna wavu, kuna mafuta, na kuna wa kuupokea mzigo kabla ya adhana ya alfajiri. Kijana hana mtumbwi, hana wavu, hana injini. Ana mabega. Akikamatwa, kosa linaandikwa kwa jina lake, na likififilishwa kwa faini, faini inatafutwa na mama yake. Mwenye wavu atanunua mwingine. Mwenye gari la kupokelea mzigo hakuwepo.

Haya siyasemi kumtakasa kijana. Alijua ziwa limefungwa, na kokoro alilolivuta lilikomba mazalia ya wote. Aadhibiwe. Ninachouliza ni kwa nini adhabu ikishamfikia yeye inaona imefika nyumbani.

Sheria yenyewe haikumsahau tajiri. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake za 2009, inambana anayevua kwa zana haramu, na inambana pia anayeziingiza, anayezihifadhi na anayeziuza. Na timba haishonwi uani kwa mtu huko Ujiji. Ni uzi wa plastiki wa kiwandani. Umepita mpakani au bandarini, umelala ghalani, umepakiwa kwenye basi au treni mpaka hapa mwisho wa reli, na mtu ametia faida yake mfukoni kabla haujalowa maji. Safari yote hiyo ina milango, na kila mlango una mtu anayelipwa mshahara kuulinda. Sisi tunaukamata wavu mahali pa mwisho kabisa, ukiwa umeshavua.

Wanaodhani dawa ni kuzidisha ukali waitazame nchi kavu. Mkoa wetu una Gombe upande wa kaskazini na Mahale upande wa kusini, kwa hiyo habari za nyama pori si ngeni kwetu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, ikisomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, kukutwa na nyara za Serikali bila kibali kunaweza kukupeleka jela kwa miaka isiyopungua 20 na isiyozidi 30. Paja la swala ni nyara. Na mahakamani paja hilo huthaminiwa kwa bei ya mnyama mzima. Mtu aliyetega kamba apate mboga huhesabiwa pamoja na wahujumu wa uchumi wa nchi.

Ukali ule ulikuwa na sababu yake, na ilikuwa sababu nzito. Tembo wetu walihesabiwa zaidi ya 109,000 mwaka 2009. Ilipofika 2014 walibaki elfu 43 na ushei. Nchi ilikuwa inachinjwa. Lakini kumbuka kesi iliyotikisa biashara ile. Oktoba 2015 alifikishwa mahakamani Yang Fenglan, mfanyabiashara wa Kichina wa Dar es Salaam aliyepewa jina la Malkia wa Pembe, na Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani pamoja na Watanzania wawili kwa biashara ya vipande 860 vya pembe za ndovu. Walihukumiwa miaka 15. Makosa yao yalikuwa ya kabla ya marekebisho ya 2016, kwa hiyo hakimu hakukosea hesabu. Hata hivyo, uzito wa kuziweka hukumu hizi mbili kando kwa kando siwezi kuuondoa kifuani: miaka 15 kwa pembe za mamia ya tembo, na isiyopungua 20 kwa paja.

Ninachokichukua katika kesi ya Yang ni kwamba iliwezekana. Wapelelezi waliacha kuhesabu mizoga porini, wakaifuata pembe barabara nzima mpaka mezani kwa aliyekuwa akiilipia. Kama iliwezekana kwa pembe, haishindikani kwa wavu.

Ujiji tuna wajibu wa pekee wa kulielewa hili. Mji wetu ulinenepa kwa pembe zilizovushwa kutoka Manyema, zikapumzika hapa na kuendelea na safari ya miguu hadi pwani. Mwindaji hakuonekana mjini. Aliyejenga nyumba ya dari alikuwa mnunuzi. Kisha Mjerumani akaja na sheria yake ya wanyamapori, iliyotolewa na Gavana Hermann von Wissmann mwaka 1896, na uwindaji ukawa wa mwenye leseni. Mwenye fedha akawa mwindaji, na mwenye upinde akawa mwizi. Mpaka leo harufu ya mpangilio ule haijatutoka.

Mara moja tu nimeona sheria ya uvuvi ikipanda ngazi kwenda juu. Ilikuwa mwaka 2018, enzi za Waziri Luhaga Mpina na Operesheni Sangara, nyavu zikichomwa kwa malundo Kanda ya Ziwa Victoria. Mwezi Juni mwaka huo maofisa wakaingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima samaki waliokwisha kukaangwa, wakakuta wamepungua kipimo. Wabunge walikasirika, na nchi ilicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Yapo mengi ya kulaumu katika operesheni ile, na wavuvi wa Mwanza na Mara wanayajua kuliko mimi, lakini siku ile rula ilifika kwenye sahani. Mlaji aliulizwa swali ambalo mama yangu hakuwahi kuulizwa.

Basi safari ijayo ziwa likifungwa, naomba ukaguzi uanzie Kariakoo na kwenye maghala ya mji huu mwezi mzima kabla haujafika mchangani. Duka litakalokutwa na timba lifutiwe leseni, na tangazo libandikwe mlangoni pake, lisomwe na kila anayepita. Kijana akikamatwa, swali la kwanza liwe wavu wa nani, na jibu lake limpunguzie adhabu kwa kiasi ambacho mwenye wavu ataongezewa. Gari litakalobeba dagaa mbichi kutoka mwambao huu mwezi wa Juni lizuiliwe kama mtumbwi unavyozuiliwa. Na marejesho ya mikopo ya wanawake wa mialo yote, kuanzia Kagunga hadi Kirando, yasimamishwe kwa amri siku ile ile ziwa linapofungwa, bila riba kuendelea kuhesabiwa. Serikali ina uwezo wa kulifunga ziwa lote. Daftari la mkopeshaji haliwezi kuishinda.

Nilipokuwa Katonga kwenye moto wa mwisho, mama wa mmoja wa wale vijana waliochuchumaa alinifuata. Aliona kalamu, akadhani mimi ni mtu wa ofisini. "Dada, faini ni shilingi ngapi?" Nikamwambia sijui, mimi ni wa gazeti. Akatikisa kichwa, akarudi kusimama karibu na mwanawe. Hakuniuliza wavu ulikuwa wa nani, wala maofisa hawakuuliza. Mwaloni pale hapakuwa na mtu asiyemjua.