Majabali ya Mara si Kokoto Tu

Kila tunapojadili utalii mkoani Mara, mazungumzo huishia kwenye lango la Ndabaka. Gari la wageni linalotoka Mwanza hukata kona kuingia Serengeti kabla hata halijaufikia mji wa Bunda. Sisi tunabaki na barabara.

Nimepanda mara kadhaa majabali ya Musoma na ya kilima cha Balili. Ukijipenyeza pale yalipoegemeana unakuta ubaridi wa pango, na mbele yako Ziwa Victoria limetanda hadi macho yachoke. (Mwanajiolojia atasema hayo si mapango bali ni nafasi baina ya mawe ya graniti. Na iwe hivyo.)

Huko Ugiriki, kisiwa cha Kalymnos kiliishi kwa kuzamia sifongo baharini. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990, wapanda miamba wa dunia nzima wanakimbilia Grande Grotta, pango linalotazama bahari. Halmashauri ya kisiwa iliiona fursa hiyo, ikaishika.

Hapa kwetu kuna kambi mbili. Ya kwanza huliona jabali, ikahesabu kokoto. Simlaumu mama anayeponda mawe juani ili alipe ada. Namlaumu aliyemwachia kazi hiyo peke yake. Kambi ya pili huita mwekezaji, nayo naiogopa zaidi. Ukuta ukishajengwa, aliyekuwa akianika dagaa juu ya mwamba atageuka mvamizi, na mzee aliyekwenda pale kutambika ataulizwa tiketi.

Butiama tuna somo la zamani zaidi. Msitu wa Muhunda, jirani na Mwitongo alikozikwa Mwalimu, ulilindwa na miiko ya Wazanaki kabla nchi hii haijawa na wizara yoyote.

Wala sheria haijakosekana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na Sheria Namba 7 ya 1982 inairuhusu kutunga sheria ndogo. Kijiji kinaweza kuandika leo: jabali hili halipondwi, mgeni anaongozwa na kijana wetu, ada inaingia kwetu, njia ya ziwani haifungwi.

Ndugu ofisa utalii wa wilaya, najua unanisoma. Orodha ya majabali na mapango ya eneo lako iko katika jalada gani, na ni mkutano mkuu upi wa kijiji umewahi kusomewa?