SHAFTI YA MBELE NA MSHAHARA WA DEREVA

Ndugu wafanya kazi,

Trekta ndogo ikivunjika shafti ya mbele, kitu cha kwanza kutafutwa si spana. Ni jina la dereva. Jina laandikwa katika barua, barua yapelekwa kwa karani wa mishahara, na mwisho wa mwezi mtu aona pesa zake zimepungua. Tairi hazikupimwa. Hakuna aliyeuliza habari ya grisi. Kitabu cha mashine hakikufunguliwa. Mimi ni fitta wa reli, kazi yangu ni magurudumu na shafti, nami nasema wazi: desturi hii ni uongo mbele ya chuma, tena ni uonevu mbele ya sheria. Nitaeleza yote mawili.

Pengine mtu atauliza, mtu wa reli ana shauri gani na trekta? Trekta hizi ndogo leo ziko kila mahali pa kazi: katika mashamba ya maua, viwanja vya gofu, mashule, mahoteli na mabohari. Zinakata nyasi, zinavuta matela, zinabeba mchanga kwa ndoo ya mbele. Anayeziendesha ni mfanya kazi kama wewe, na anayelala chini yake kuzitengeneza ni fitta kama mimi. Shauri lao ni letu.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Trekta ya namna hii husukumwa na magurudumu manne. Nguvu hutoka katika gia boksi, hupita chini ya tumbo la trekta kwa shafti, hufika katika difu ya mbele, na difu huigawia magurudumu mawili madogo ya mbele. Dereva ana mkono mmoja wa kuunganisha nguvu hiyo au kuitenga. Shafti nyingine zina viungo vya krosi, ule msalaba mdogo wa chuma wenye beringi nne za sindano. Nyingine hazina krosi. Zimeshikwa kila mwisho kwa kapilingi yenye meno ndani, kapilingi imezuiwa kwa pini, na juu yake pana bomba la kuzuia matope na nyasi. Ni kitu chepesi kukitazama, lakini ndicho kinachobeba kazi yote ya mbele.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mabwana wengi hawalijui, au wanalijua na kunyamaza. Magurudumu ya mbele ni madogo na ya nyuma ni makubwa, kwa hivyo ya mbele lazima yazunguke mara nyingi zaidi. Waliounda trekta wamekata meno ya gia kwa hesabu ya tairi za kipimo fulani. Tena wamefanya tairi za mbele zitangulie kidogo, kwa kawaida kati ya 1 na 5 katika 100, ili zivute wala zisikokotwe. Hesabu hiyo imo ndani ya gia na haibadiliki. Kinachobadilika ni tairi.

Sisi wa reli tunalijua jambo hili tangu siku ya kwanza kazini. Magurudumu mawili ya behewa yamekazwa juu ya ekseli moja. Moja likilika, halichongwi peke yake. Mwenzake huchongwa pamoja naye mpaka yawe kipimo kimoja. Hakuna msimamizi wa reli mwenye akili atakayefunga gurudumu kubwa upande huu na dogo upande ule, halafu amlaumu dereva wa gari moshi. Lakini katika trekta hufanywa kila mwaka. Tairi za mbele zikiisha, bwana anunua zilizo rahisi dukani, kubwa kidogo au ndogo kidogo, mradi zinaingia katika rimu. Za nyuma zimekwisha meno, zaachwa. Hapo ndipo shafti inapoanza kuvunjika, hata kama itachukua miezi kadhaa.

Haya si maneno ya kuamini tu. Yapimeni wenyewe kwa chaki. Jazeni tairi upepo sawasawa kama kitabu kinavyosema. Wekeni trekta tupu mahali tambarare, penye udongo mgumu au changarawe, si juu ya lami. Pigeni alama ya chaki katika tairi moja ya nyuma na moja ya mbele. Tengeni nguvu ya mbele, dereva aende polepole moja kwa moja mpaka tairi ya nyuma izunguke mara 10, nanyi mhesabu ya mbele imezunguka mara ngapi. Kisha unganisheni nguvu ya mbele, mhesabu tena.

Natoa mfano. Mara ya kwanza ya mbele ilizunguka 17, mara ya pili 17 na nusu. Tofauti ni nusu, na nusu katika 17 ni karibu 3 katika 100. Trekta hiyo ni nzima. Sasa bwana afunge tairi kubwa mbele. Hesabu ya kwanza itashuka, tuseme 16 na nusu, kwa maana tairi kubwa huzunguka mara chache. Ya pili itabaki 17 na nusu, kwa maana gia hazijabadilika. Tofauti sasa ni 1, yaani 6 katika 100. Katika kila mita 100 za njia, tairi za mbele zinataka kwenda mita 106, na za nyuma zinasema 100 zatosha. Zile mita 6 lazima zitoke mahali. Katika shamba lililolimwa, tairi huteleza katika udongo na ugomvi huisha. Juu ya lami au saruji tairi haitelezi kwa urahisi, basi shafti ndiyo inayosokotwa kama kamba. Inasokotwa, tairi inaruka kidogo, inaachia, inasokotwa tena. Meno ya kapilingi yanalika, pini inakatika, krosi inapasuka, na wakati mwingine gia za difu zenyewe zinavunjika.

Tairi za mbele zikiwa zimelika sana, mambo hugeuka: hesabu ya kwanza hupanda juu ya ile ya pili, na za mbele hukokotwa badala ya kuvuta. Shafti husokotwa upande wa pili. Kwa vyovyote vile, siku inapokatika, aliye juu ya kiti ni dereva, naye ndiye huitwa ofisini.

Jambo la pili ni grisi. Krosi yenye nipeli hutaka grisi kwa saa zilizoandikwa katika kitabu, tena isukumwe mpaka mpya itokee katika vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, hicho kimekauka. Ukiona vumbi jekundu kama kutu ya unga kando ya kikombe, sindano za ndani zimekwisha kufa, na grisi haitazifufua, badilisha krosi. Shafti ya kapilingi hutaka meno yasafishwe, yapakwe grisi, na mipira ya bomba iwe mizima, maana maji yakiingia hukaa humo na kula chuma mahali usipopaona. Kazi hii ni ya nusu siku. Lakini nimeona mahali ambapo bomba la grisi limefungiwa katika stoo, ufunguo anao mtu ambaye haji kazini siku ya Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku pekee trekta inayosimama. Mzembe hapo ni nani?

Jambo la tatu ni ufundi wa haraka unaoamriwa kutoka juu. Pini imekatika, fitta anaambiwa atie msumari. Msumari ni chuma laini. Utakatika leo au kesho, na kapilingi itateleza katika meno yake huku trekta inakwenda. Shafti imepasuka, anaambiwa aichomelee. Shafti yenye meno imepikwa kiwandani iwe ngumu. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu ule, unaipinda, nayo huvunjika kando ya pale ilipochomelewa. Tena ukifunga shafti ya krosi mbili, uma za ncha mbili lazima zilale katika mstari mmoja. Ukizikosea itatetemeka mpaka iue beringi. Fitta anayajua haya. Hapewi spea wala nafasi ya kusema, na ikivunjika mara ya pili aulizwa kwa nini hakutengeneza vizuri.

Ndugu fitta, kabla ya kuingia chini: zima injini, tia ufunguo mfukoni mwako, shusha ndoo na mashine zote mpaka chini, zuia magurudumu kwa magogo. Usilale chini ya trekta iliyoshikwa na jeki peke yake; weka stendi. Atakayekuharakisha hapo hatalala chini badala yako.

Sasa nafika kwenye jambo baya kuliko yote, maana hili halikati mshahara tu, linakata maisha. Shafti ikivunjika, bwana husema: “Itoeni, trekta itakwenda kwa magurudumu ya nyuma.” Ni kweli itakwenda. Lakini itasimama? Katika trekta nyingi za namna hii breki ziko katika magurudumu ya nyuma peke yake. Nguvu ya mbele ikiwa imeunganishwa, ile shafti ndiyo inayoyafanya magurudumu ya mbele yasaidie kuzuia. Ukiitoa, ya mbele yanazunguka bure. Sasa tia mzigo katika ndoo ya mbele: uzito wote unaegemea mbele na magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Teremka mlima. Dereva anakanyaga breki, ya nyuma yanajifunga na kuburura, na trekta inaendelea kushuka. Shafti iliyotolewa haikuwa ya kuvuta tu, ilikuwa pia breki ya mbele. Trekta isiyo na shafti ya mbele isipelekwe mteremkoni na mzigo, hata meneja mwenyewe akisimama kando na kusema atachukua dhima.

Wako watakaojibu kwamba madereva wengine huacha nguvu ya mbele imeunganishwa mchana kutwa juu ya lami, na kukata kona nayo. Ni kweli, wako. Tena kona ni mbaya zaidi, kwa maana magurudumu ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma, na shafti hubeba tofauti hiyo. Lakini nauliza: ni nani aliyemfundisha dereva huyo? Kitabu cha trekta kiko kwa lugha gani, na kimefungiwa katika kabati la nani? Mtu alipewa ufunguo asubuhi moja akaambiwa, “Endesha.” Asiyefundishwa akikosea, kosa ni la asiyemfundisha. Na sheria yasema hivyo hivyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kusudi. Someni neno hilo: kwa kusudi. Haisemi kwa kuwa alikuwa juu ya kiti. Haisemi kwa kuwa chuma kilichoka. Na makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awape wafanya kazi maelezo na mafunzo ya kazi yao. Inamtaka mfanya kazi atoe habari kwa msimamizi wake akiona hatari kubwa, na inakataza kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Penye watu 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama. Trekta isiyosimama mteremkoni ni shauri la kamati hiyo.

Mwenzetu mmoja, dereva katika shamba nisilolitaja, alikatwa mshahara miezi mitatu kwa shafti iliyovunjika wiki chache baada ya tairi mpya za mbele kufungwa. Tairi hizo hakuzinunua yeye, wala hakuulizwa. Mtoto wake alikaa nyumbani muhula mzima. Mpaka leo tairi ni zile zile, na shafti mpya inasokotwa vile vile. Wamekata mshahara, ugonjwa wameuacha.

Kwa hivyo natoa shauri kwa matawi yote:

1. Tairi za trekta zisibadilishwe bila kupimwa kwa chaki, na hesabu iandikwe katika kitabu cha kazi, tarehe na saa za mashine.

2. Grisi, pini na krosi za kweli ziwe mahali fitta anapoweza kuzipata siku ya kazi.

3. Kila dereva afundishwe kwa lugha anayoielewa wakati wa kuunganisha nguvu ya mbele na wakati wa kuitenga.

4. Trekta iliyotolewa shafti ya mbele isiende mteremkoni na mzigo, na habari ipelekwe kwa kamati ya usalama kwa maandishi.

5. Dereva asitie sahihi karatasi ya kukatwa mshahara kabla mjumbe wa chama hajaiona na tairi hazijapimwa.

Hilo la tano mlishike sana. Karatasi nyingi za makato hutiwa sahihi kwa sababu dereva yuko peke yake ofisini na hana la kujibu. Sasa analo. Jina lake likiandikwa, na hesabu ya tairi iandikwe kando yake, kisha tuone ni ipi itakayoeleza shafti ile.

Wenu katika umoja,
Fitta wa Reli