Fizikia Bila Kiambatisho

Kijana wa Kisesa, Mwanza, akipangiwa chuo kusoma Shahada ya Sayansi katika Fizikia, baba yake mkubwa atauliza swali moja: "Na Ualimu?" Akiambiwa hapana, ni fizikia peke yake, mzee atatikisa kichwa kidogo, kisha atahamishia mazungumzo kwenye bei ya pamba. Ameshaona kwamba mtoto amepotea, ila ana staha ya kutolisema.

Swali la mzee lina hoja. Mwenye shahada ya sayansi na ualimu anajulikana anakoelekea: ataomba ajira, atasubiri, na siku akipata cheki namba ukoo mzima utapumua. Mhandisi naye ana bodi inayomsajili na miradi inayomhitaji. Mwanafizikia mtupu hana mlango wenye jina lake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaja kwa nadra, na akiajiriwa mara nyingi huingia kwa jina jingine: ofisa mionzi, mkaguzi wa vipimo, mtaalamu wa hali ya hewa, mtu wa kompyuta benki. Majarida ya sayansi huyapita haya haraka, yakakimbilia maneno makubwa ya maendeleo. Mimi naona ni afadhali kijana aambiwe mapema, kabla hajakutana na sapu ya kwanza: hii si tiketi ya mshahara.

Wanaofika huko ni wachache kwa vyovyote. Kwa miaka mingi mfumo wetu umemruhusu mwanafunzi kuiweka fizikia kando akiingia kidato cha tatu, na wengi wameshukuru kuiacha. Waliobaki huenda PCB wakiota udaktari, au PCM na PGM wakiota uhandisi. Chuo kinapofungua mlango wa fizikia yenyewe, wengi wanaoingia ni waliokosa walichokitaka. Hilo nalo ni vizuri lisemwe.

Hata hivyo toleo hili linaitetea fizikia bila kiambatisho, na sababu yangu ni moja. Likifundishwa sawasawa, somo hili humzoesha kijana kuamini alichokipima hata pale kitabu kinaposema vingine. Sisemi kwamba vyuo vyetu vinafanya hivyo leo. Nasema hicho ndicho tunachopaswa kuvidai.

Tazama kinachotokea maabara. Wanafunzi hupewa uzi, kipande cha chuma na saa, watafute mchapuko wa kitu kinachoanguka, ile g wanayoijua tangu sekondari. Jibu wanalo kabla ya kufunga uzi. Kitabu kimesema 9.81, na mwalimu mwenye huruma ameruhusu 10. Basi wanabembeza mara chache, wanaandika, na namba zikigoma wanapika data mpaka 9.81 itoke. Msahihishaji anatia vema, kila mtu anakwenda kula.

Shida ni kwamba 9.81 ni ya London. Dunia si tufe kamili. Imetuna kidogo katikati, tena inazunguka, kwa hiyo mvutano hupungua kadiri unavyoisogelea ikweta. Kisesa iko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, na uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jambo linaloupunguza tena kidogo. Ukipiga hesabu, g ya hapa inatoka karibu 9.78. Mwanafunzi aliyepata 9.78 akaifuta ili aandike 9.81 amefuta jibu sahihi na kuazima la wenyewe. Tofauti ni ndogo, tatu katika elfu, lakini haijifichi: uzi wa mita 1 ukibembea mara 300, wa Kisesa utachelewa nyuma ya wa London kwa karibu sekunde nzima. Hapo huhitaji chombo cha mamilioni. Unahitaji subira, na mwalimu ambaye hatakukata maksi kwa kuwa mkweli.

Tofauti ya aina hiyo iliwahi kuwasumbua wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1672 mwanafalaki Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, kaskazini mwa Amerika ya Kusini, si mbali na ikweta, akiwa na saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris. Kule ilichelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Richer angeweza kusingizia safari au joto, na wapo waliodhani amekosea kupima. Aliandika alichokiona, akafupisha pendulamu yake, na baadaye Newton akakitumia kipimo hicho kama ushahidi kwamba dunia imebonyea kwenye ncha zake. Angepika data, umbo la dunia lingengoja mtu mwingine.

Nasi tunaye mtu wa namna hiyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, ambako wanafunzi walichemsha maziwa na sukari kutengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa finyu. Akihofia kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoozwa kwanza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likapata utani wa kumtania kila akikosea hesabu. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akaitembelea shule. Mpemba akauliza mbele ya watu, wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu. Alirudi Dar akaagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 makala ya wawili hao ikachapishwa katika jarida la Uingereza la Physics Education.

Sehemu hiyo inasimuliwa kila mahali mpaka imechakaa. Inayonisumbua mimi ni iliyofuata. Mpemba hakuendelea na fizikia. Alisoma Mweka, chuo cha wanyamapori chini ya Kilimanjaro, akawa ofisa wa wanyamapori. Ni kazi ya heshima, wala silalamiki kwa niaba yake. Lakini swali lake likaendelea kusafiri bila sisi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya huko Uingereza, wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kugeuza matokeo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada wakachapisha katika jarida la Nature jaribio la chembe ndogo mno ndani ya maji, ambamo chini ya masharti fulani mfumo ulioanza na joto zaidi ulipoa kwanza kweli. Sasa wapo wanaolifuatilia katika fizikia ya kwanta. Makala zote hizo zinabeba jina la mwanafunzi wa Lushoto, na ugomvi haujaisha. Mkwawa yenyewe tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki kinachoandaa walimu. Ningependa kuona kila mwaka kundi moja la wanafunzi pale likikabidhiwa friji na vipimajoto viwili, liambiwe limalize ubishi.

Kanda ya Ziwa ina maswali mazito kuliko aiskrimu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Walikufa mamia, na idadi kamili inakadiriwa tu mpaka leo, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika wamepanda watu wangapi. Chombo kikibeba uzito mwingi juu, kitovu cha uzito wake hupanda, na kuna kimo ambacho kikivukwa, chombo kikiinama hakirudi. Kimo hicho hukokotolewa kwa fizikia ya miaka ya mwanzo ya chuo. Ila huwezi kukikokotoa kama hujui umepakia nini. Baada ya kupinduka, meli ilielea kwa muda chini juu, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani yake. Ilipotobolewa ili waliokuwa hai watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Waliotoboa walikuwa wakihangaika kuokoa ndugu zetu, sina neno baya juu yao. Nauliza tu ni nani siku ile aliyekuwa na kazi ya kujua hewa ile ilikuwa imebeba tani ngapi. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara, kikaua watu zaidi ya 220, na kwa mara nyingine hesabu ya abiria haikueleweka. Fundi wa kivuko hicho alitolewa hai siku mbili baada ya ajali. Alikuwa amepata sehemu yenye hewa.

Wavuvi wa dagaa nao wanajua kitu ambacho darasani hakisemwi: radi za ziwani hupenda usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo hutoka ziwani kwenda bara na mawingu hujijenga huko. Usiku bara hupoa, maji hubaki na joto lake, upepo hugeuka, na hewa kutoka pwani zote hukutana juu ya ziwa na kupanda. Mwanafunzi anakariri kwamba kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi kupanda digrii moja. Hakuna anayemwambia kwamba namba hiyo ndiyo inayowakuta wavuvi saa tisa usiku, taa zikiwa majini.

Halafu kuna hospitali ya Bugando. Zamani mgonjwa wa saratani wa kanda hii aliyehitaji mionzi alifungashwa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa tiba hiyo inatolewa Mwanza. Chukua mashine ya kobalti, aina iliyotumika sana katika nchi kama zetu. Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5.27, yaani kama asilimia moja kila mwezi, iwe hospitali ina wagonjwa au imefungwa kwa sikukuu. Mgonjwa aliyehitaji dakika 2 mashine ikiwa mpya atahitaji 4 baada ya miaka mitano na kidogo. Ukizidisha unaunguza, ukipunguza uvimbe unabaki. Daktari huamua dozi, lakini anayehakikisha kwamba mashine inatoa kweli kiasi kilichoandikwa ni mwanafizikia wa tiba, na mafunzo yake hujengwa juu ya shahada ileile ambayo baba mkubwa aliiulizia kiambatisho. Hapo kupika data kunaitwa jina lingine.

Nimetaja meli na saratani, lakini sitaki ionekane kwamba fizikia inastahili kusomwa kwa sababu ya misiba tu. Pale Bujora, hapa hapa Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, kuna ngoma za watemi wa Kisukuma. Ngozi ya ngoma haifanyi kama uzi wa zeze. Uzi uliovutwa hutoa sauti zinazopishana mara mbili, mara tatu, mara nne. Ngozi ya duara hutoa sauti ya pili iliyo mara 1.59 ya kwanza, ya tatu mara 2.14, namba zisizokaa kwenye mstari, na ndiyo maana ngoma hulia kama ngoma. Namba hizo hutoka kwenye fomula za Bessel, ambazo huwatoa jasho wanafunzi katika hisabati za fizikia na zimewadiskoza wasio na hatia. Kila Juni, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinapokabiliana kwenye sikukuu ya Bulabo, wapigaji huisogeza ngoma kwenye moto ngozi ikaze, wakisikiliza mpaka sauti iwakubali. Mhadhiri mwenye basi dogo na siku moja ya ruhusa angefanya hapo mhadhara ambao wanafunzi wasingeusahau. Labda yupo anayefanya hivyo, nitafurahi kumchapisha.

Najua pia kwamba njia ya mbele imesogea karibu. Kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kimepokea wanafizikia wengi wa Afrika, na tangu 2018 kina mshirika Kigali, taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, ambako kijana wa Kisesa anaweza kufika kwa basi. Samia Skolashipu imewapunguzia baadhi ya familia hofu ya ada. Lakini anayekwenda Kigali akiwa amezoea kupika data atakuta wenzake wanapima, na hapo msaada wa masomo hautamfaa kitu. Vyuo vianze na jambo dogo: ripoti ya maabara isahihishwe kwa namna kipimo kilivyofanywa na makosa yake yalivyokadiriwa, na jibu linalofanana na la kitabu lisipewe maksi kwa kufanana tu.

Kurasa zinazofuata zimeandikwa na walio ndani ya somo hili na waliotoka, wengine wakiwa wamechukia. Sikuwapunguzia ukali.

Ninalo ombi kwa shule na vyuo vya kandokando ya ziwa, kutoka Magu hadi Ukerewe na Geita. Chukueni uzi usiovutika na jiwe dogo zito. Pimeni urefu kuanzia fundo la juu hadi katikati ya jiwe, kwa milimita. Liachieni kwa pembe isiyozidi digrii 5, kwa sababu pembe kubwa huchelewesha mbembeo na kuharibu hesabu. Hesabuni mibembeo 300, rudieni mara kadhaa, mtuletee urefu, muda wa kila jaribio na jina la mahali. Tutavichapa vyote katika toleo lijalo, vinavyokubaliana na visivyokubaliana, na atakayetuletea 9.81 kamili tutamwomba arudie mbele yetu.