Jetoni zikibaki kidogo, usingoje ziishe

Mvua ikikataza watu kushuka shimoni, vijana wetu wa pande za Mangurejipa wanacheza poka. Wengine kwa karata, wengine kwa telefoni. Wamama wa Butembo na wa Beni wanatuuliza: ninyi watu wa sendika, juu ya nini munanyamaza? Hatunyamazi. Ndani ya ule mchezo kuna kitu kimoja tungependa kila mchimbaji akijue, na kingine tungependa akiache pale pale mezani.

Mu shindano la poka, kukaa kimya kunalipishwa. Kila mara karata zinagawanywa, mtu mmoja anatoa dau dogo la lazima, na jirani yake dau kubwa, mbele hata ya kuona karata. Na zile dau zinapanda kadiri saa inapita. Tuseme dogo ni 500 na kubwa ni 1.000, nawe umebaki na jetoni 10.000. Mzunguko mmoja unakula 1.500. Ukingoja karata nzuri mizunguko mitatu, umebaki na 5.500. Sasa karata nzuri imekuja, umesukuma zote, umeshinda, umezidisha mara mbili: 11.000. Unashangilia, kumbe umerudi pale ulikuwa! Na wakati huo dau kubwa imeshapanda 2.000. Kwa hiyo njo uko maskini kuliko mwanzo, na ushindi mkononi.

Ndiyo maana wanaojua ule mchezo wanasema: ukibaki na dau kubwa kumi ama chini, acha kuchezea kidogo kidogo. Ama unatupa karata, ama unasukuma yote, na unasukuma wewe wa kwanza. Anayesukuma wa kwanza ana njia mbili za kupata: wengine waogope wakimbie, ama karata yake ishinde. Anayefuata ana njia moja tu. Lakini wataogopa kama jetoni zako bado zinaweza kuwaumiza. Ukibaki na mbili, watakufuata kwa karata yoyote, wakicheka.

Sisi tulilijifunza hilo bila karata. Kwa shimo moja, ambalo hatutalitaja, tulikuwa wachimbaji 40. Mwenye kuleta pompi na mazutu alianza kukata zaidi: chakula, mafuta, dawa, taxe ambazo risiti yake hatukuona. Tulisema tungoje, pengine mwezi ujao mawe yatakuwa mazuri. Kila juma makato yalipita, sawa ile dau ya lazima. Wenzetu walichoka, mmoja baada ya mwingine wakaenda kutafuta kwingine. Tulipoenda kudai, tulikuwa 11. Yule mkubwa hakukasirika hata. Alitupatia viti, akatusikiliza, kisha akasema anayetaka kuondoka aondoke. Siku tulikuwa 40, kama tungeweka vyombo chini, maji yangejaa shimo kwa siku chache na yeye ndiye angetutafuta. Kosa lile ni letu, sisi viongozi. Tulihesabu mawe, hatukuhesabu watu.

Sasa kile cha kuacha mezani.

Vijana wanapenda hadithi ya Jack Straus. Las Vegas, 1982, mu shindano kubwa la dunia, alifikiri amemaliza, akakuta jetoni moja imebaki, akaendelea nayo mpaka akashinda lote. Ni kweli, ilitokea. Lakini wachezaji walikuwa 104. Wale wengine 103 walienda nyumbani, na hakuna mtu anawasimulia. Tena, mu shindano unalipa kiingilio mara moja, na ukipoteza unapoteza kile tu. Deni ya shimo haiko vile. Inakufuata mpaka Butembo, inabisha mlango, inaongea na bibi yako.

Tumeona mtu amechukua minerval ya watoto, anasema "nasukuma yote", ameiweka kwa shimo jipya la watu asiowajua. Ile si poka nzuri hata kwa wacheza poka. Wao wenyewe, wakibaki kumi na wanalipwa tisa, mwenye kidogo anaangalia kwanza kama kuna mwenye kidogo kuliko yeye. Kama yuko, anatupa hata karata nzuri, anangoja yule atoke. Kwa nini? Jetoni unayopoteza inakuuma kuliko ile unayopata inavyokufurahisha. Nyumbani ni vivyo hivyo: feza ya minerval na ya dawa ikae kwa mama, ama mu likirimba, mbele hujakaa mezani. Isihesabiwe kabisa kama jetoni.

Na barabara zetu tunazijua. Toka mashambulio yafike Bapere, mtu anaweza kukimbia shimo usiku mmoja na kuacha kila kitu. Anayesema "tungoje hali itulie, kisha tutadai" anasahau kwamba wenzake wanapungua kila mwezi.

Kodi ya madini iliyorekebishwa 2018 inataka mchimbaji awe na karte na awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Wengi wetu wanaona ile ni karatasi ya kulipa tu, na pengine wana haki, sababu pengine mkubwa wa kooperative ni yule yule mwenye pompi. Lakini bila karte tunaenda kudai kama watu wasiokuwepo.

Kwa shimo tulipo leo, tumebaki 27. Makato yamepanda mara mbili toka Pasaka. Maoni yetu ni kwamba tudai juma hili: makato yaandikwe, yasomwe mbele ya wote, na risiti zionyeshwe. Kama anakataa, pompi isimame siku moja. Si kesho kutwa tutakapokuwa 15. Wenye karte waje nazo jumamosi, saa nane, nyuma ya soko. Wamama pia waje, maana wao njo wanajua nyumba inaweza kuvumilia siku ngapi.